Waliolima mashamba ya karafuu nao watajwe kwa majina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo watu wa utalii na wa mambo ya kale, Unguja na Pemba, wangeweza kulianza bila kungoja mfadhili wa nje. Mgeni anayefika Zanzibar hupelekwa Mkunazini kuona palipokuwa soko la watumwa, na siku inayofuata hupelekwa mashamba, Kizimbani au Kidichi, kunusa karafuu, kuonja mdalasini na kuvikwa kofia ya makuti. Pale sokoni husimuliwa habari za watumwa. Kule mashamba, ambako wengi wa waliouzwa walifanya kazi mpaka kufa kwao, mara nyingi haambiwi hata neno moja juu yao. Nimelifikiria jambo hili tangu nilipolitembelea shamba la Whitney, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, ambalo sasa ni makumbusho ya watumwa waliolilima, na naomba wasomaji wanivumilie nikieleza kwa kirefu kidogo mambo yalivyopangwa huko.

Shamba hilo lipo karibu na Wallace, ukingo wa magharibi wa mto Mississippi, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka New Orleans. Lilianzishwa mwaka 1752 na Ambroise Heidel, mhamiaji wa Kijerumani aliyefika Louisiana mwaka 1721 pamoja na mama yake na ndugu zake, wa ukoo ambao baadaye uliandika jina lake Haydel. Kwanza ulilimwa mnili, mmea unaotoa rangi ya buluu. Kisha mwanawe akahamia kwenye miwa, kama walivyofanya matajiri wengi wa ukingo ule baada ya mwaka 1795, pale Étienne de Boré alipofaulu kuifanya sukari ya Louisiana igande na kuwa chenga zinazouzika. Katika miaka iliyotangulia vita vya wenyewe kwa wenyewe, shamba likiwa mikononi mwa mjane Marie Azélie Haydel, watumwa wake walifikia 101, na mavuno yake ya sukari yalihesabiwa miongoni mwa makubwa ya jimbo zima. Jina la Whitney lilikuja baada ya utumwa kwisha, mwaka 1867, mnunuzi mpya aitwaye Bradish Johnson alipolipa shamba jina la mjukuu wake.

Karibu litoweke kabisa. Kampuni ya plastiki ya Formosa ililinunua ikikusudia kujenga hapo kiwanda cha rayoni, wakazi wa jirani wakapinga, na mpango ukafa. Lakini viwanda vya kemikali na mafuta vilivyojipanga kando ya mto kutoka New Orleans hadi Baton Rouge vinaonyesha wazi lingekuwa nini leo. Mwaka 1999 wakili mmoja wa New Orleans, John Cummings, akalinunua, akatumia mamilioni ya dola zake mwenyewe, akashirikiana na mwanahistoria wa Senegal, Ibrahima Seck, na mnamo Desemba 2014 wakafungua milango. Walikuwapo waliouliza, na si bila sababu, kwa nini historia ya watu weusi imilikiwe na tajiri wa Kizungu. Mwaka 2019 Cummings aliliachia shamba liwe la taasisi isiyotafuta faida, yenye bodi yake.

Ili msomaji aelewe upya wa kazi hiyo, hana budi kujua mashamba mengine ya kando ya mto ule yalikuwa yakionyesha nini. Kwa miaka mingi mgeni alikuwa akipokewa kwenye nyumba ya bwana, yenye nguzo nyeupe na miti mikubwa mbele yake, akaonyeshwa vyombo vya fedha, vitanda na mapazia, akasimuliwa mapenzi na misiba ya familia iliyoishi humo, kisha akanunua kinywaji na kupiga picha. Watu hufunga harusi huko. Nottoway, iliyokuwa nyumba kubwa kuliko zote za aina hiyo zilizobaki Kusini, ilikuwa hoteli na ukumbi wa sherehe mpaka ilipoteketea kwa moto Mei 2025, na wako walioilia na wako walioifurahia. Haki itendeke: baadhi ya mashamba hayo, Oak Alley likiwa mojawapo, yameongeza maonyesho kuhusu watumwa katika miaka ya karibuni. Hata hivyo, kuongeza banda moja nyuma ya nyumba ya bwana hakulingani na kuanza ziara kwa watumwa wenyewe.

Whitney huanza na watumwa wenyewe. Siku tuliyokwenda sisi, kila mgeni alipewa kadi ya kuvaa shingoni, yenye picha ya sanamu ya mtoto, jina, na maneno machache ya mtu aliyekuwa mtumwa utotoni. Maneno hayo yametolewa katika mahojiano ya miaka ya 1930, wakati serikali ya Marekani, katika dhiki ya uchumi ya wakati ule, ilipowalipa waandishi wasio na kazi wazunguke majimboni kuwahoji wazee waliowahi kuwa watumwa; walihojiwa zaidi ya 2,000. Kisha mgeni huingia katika kanisa la mbao la Antioch, lililojengwa na watu walioachwa huru, kisha likahamishiwa hapo kutoka kwingine, na ndani yake huwakuta watoto hao hao, sanamu za udongo za kimo cha mtoto wa kweli zilizotengenezwa na msanii Woodrow Nash, baadhi wamesimama na wengine wamekaa, wakitazama kila anayeingia. Uamuzi wa kuwachagua watoto ni wa busara. Wale waliohojiwa katika miaka ya 1930 walikuwa wazee, lakini walichokikumbuka kilikuwa utumwa wa utotoni mwao, na mgeni anayetazama sanamu ya kizee kilichopinda mgongo angesahau kwa urahisi kwamba aliyechapwa alikuwa mtoto wa miaka saba.

Kutoka hapo huja kuta za majina, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Ukuta wa kwanza una majina ya watu zaidi ya 350 waliokuwa watumwa katika shamba lile lile, na kila inapowezekana jina limeandikwa pamoja na mahali mtu alikotoka, umri wake na kazi aliyoijua. Habari hizo zimetoka katika hati za mirathi: bwana alipofariki, makarani walikuja kuhesabu mali yake, na mtumwa aliandikwa pamoja na ng'ombe na masufuria, na bei yake pembeni, na kasoro za mwili wake zikitajwa ili bei ishuke. Karatasi zilizoandikwa kwa nia hiyo ndizo zinazowezesha leo kusema kwamba fulani aliishi hapa na alikuwa seremala.

Kuta nyingine zimepewa jina la Gwendolyn Midlo Hall, mwanahistoria mzaliwa wa New Orleans aliyefariki mwaka 2022, ambaye alianza kupekua mafaili ya mahakama za Louisiana katika miaka ya 1980, yaliyoandikwa kwa Kifaransa, Kihispania na Kiingereza, akatengeneza kanzidata ya watumwa wa jimbo hilo hadi mwaka 1820. Majina 107,000 kutoka katika kazi yake yamechongwa kwenye mabamba ya mawe. Mengi ni majina ya kubandikwa na mabwana, Marie, Jean, François, yakirudiwa mpaka macho yanachoka, lakini katika kumbukumbu hizo mama huyo alikuta pia mataifa ya watu yametajwa: Wabambara, Wawolofu, Waigbo, Wakongo. Wamo pia Wamakua, waliotolewa pwani ya Msumbiji na kuzungushwa Rasi ya Tumaini Jema hadi upande wa pili wa dunia. Ndugu zangu wa Masasi na Mtwara wanaodhani kwamba utumwa wa Marekani ni habari ya Afrika Magharibi peke yake wangefanya vema kulijua hilo.

Kuna kiwanja kidogo kilichotengwa kwa watoto 2,200 waliokufa kabla ya kutimiza miaka mitatu, ambao majina yao yalipatikana katika vitabu vya kanisa Katoliki vya Jimbo Kuu la New Orleans. Katikati imesimama sanamu ya malaika mweusi aliyembeba mtoto mchanga. Sitaeleza zaidi juu ya hapo, isipokuwa kwamba vitabu hivyo vya kanisa ni ushahidi wa jinsi sukari ilivyokula watu. Katika sehemu nyingi za Marekani idadi ya watumwa iliongezeka kwa kuzaana; katika mashamba ya miwa ya Louisiana vifo vilizidi uzazi, na pengo lilizibwa kwa kununua vijana kutoka Virginia na Maryland, walioletwa kwa meli au kwa miguu wakiwa wamefungwa minyororo, hasa baada ya Marekani kupiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje mwaka 1808. Masufuria makubwa ya chuma ya kuchemshia maji ya miwa bado yapo shambani. Kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka, miwa ilipaswa kukatwa na kuchemshwa kabla baridi haijaiharibu, hivyo kazi iliendelea usiku na mchana kwa zamu, sharubati ya moto ikihamishwa kwa pawa kutoka sufuria moja hadi nyingine, na aliyesinzia aliungua au alikatwa mkono na mitambo ya kukamulia.

Nina lawama moja. Baadhi ya vitu vinavyoonekana shambani havikuwa vya hapo. Baadhi ya vibanda vya watumwa vilinunuliwa kwenye shamba jingine. Jela ya chuma, ambayo wageni wengi huipiga picha, ilitengenezwa miaka michache baada ya utumwa kufutwa na ililetwa kutoka mji mwingine. Mgeni mwenye haraka anaweza kuondoka akidhani mababu wa watu wa Wallace walifungiwa humo. Makumbusho yaliyokusudia kurudisha ukweli uliofichwa yanatakiwa kuwa makali zaidi katika jambo hili kuliko makumbusho ya kawaida. Nalisema nikikumbuka vyumba vya chini pale Mkunazini, ambavyo tumezoea kuvionyesha kuwa ni vya kuhifadhia watumwa, ilhali wapo wanahistoria wanaovitilia shaka kwa kuwa jengo la misheni lililo juu yake lilijengwa baada ya soko kufungwa mwaka 1873.

Sehemu ya uasi wa mwaka 1811, kwa upande mwingine, sina la kuilaumu, ingawa najua inawatisha wengi. Mwezi Januari mwaka huo watumwa wa mashamba ya ukingo wa pili wa mto, ule wa mashariki, wakiongozwa na Charles Deslondes, waliwageukia mabwana wao wakaanza kuelekea New Orleans wakiwa mamia, na huo unahesabiwa kuwa uasi mkubwa kuliko yote ya watumwa katika historia ya Marekani. Ulizimwa kwa siku chache, na vichwa vya waliouawa vilichomekwa kwenye miti kando ya mto ili kila apitaye aone. Whitney wameweka vichwa vya udongo juu ya fimbo za chuma. Wanaosema ni ukatili kuonyesha kitu kama hicho wakumbuke kwamba wakati ule vilikuwa vichwa vya watu, na viliwekwa kwa amri.

Nyumba ya bwana huja mwisho, na inapofikiwa mtu ameshapoteza hamu ya mapazia. Ni nyumba nzuri, sikatai. Lakini baada ya jikoni, vibanda na kuta zile, swali linalomjia mgeni mbele ya kila mlango ni nani aliyeupachika. Tena historia haiishii mwaka 1865, utumwa ulipofutwa. Wazao wa watumwa waliendelea kulima miwa pale pale kwa ujira mdogo, na vibanda vilikuwa vikikaliwa na wafanyakazi hadi mwaka 1975, muda ambao mzee wa umri wangu anaukumbuka vizuri. Mtumwa mmoja wa kike wa shamba hilo, Anna, alimzaa Victor Haydel, ambaye baba yake alikuwa wa familia ya mabwana. Katika uzao wa Victor alitokea Sybil Haydel, mke wa Ernest Morial, meya wa kwanza mweusi wa New Orleans, na mtoto wao Marc naye akawa meya.

Sasa nirudi kwetu. Mimi ni mzaliwa wa Unguja niishiye Houston, na katika ukoo wetu, kama katika koo nyingi za visiwani, wamo walioletwa kuwa watumwa na wamo waliowamiliki. Kila nirudipo nyumbani na wageni huwapeleka mashamba, na vijana wanaotembeza watalii huko ni hodari kwelikweli: wanajua kila jani linatibu nini. Nilipomuuliza mmoja wao nani aliyeipanda mikarafuu hii, alinijibu kwa adabu kwamba ni Seyyid Said. Ni kweli kwamba Seyyid Said, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, ndiye aliyehimiza karafuu ipandwe kila pahala, na Kizimbani ni miongoni mwa mashamba ya mwanzo kabisa. Ila Sultani hakushika jembe. Pori lilifyekwa, miche ilipandwa, magugu yalipaliliwa na karafuu zilichumwa na Wayao, Wanyasa, Wangindo, Wamakua na wengine, wengi wao wakiwa wamepitishwa Kilwa Kivinje. Walipanda juu ya miti yenye matawi mepesi kukatika, wakachambua makonyo, wakaanika kwenye majamvi, chini ya msimamizi, nokoa (msaidizi wake) na kadamu (aliyekuwa chini ya nokoa), na hao wawili wa mwisho mara nyingi walikuwa watumwa pia. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, hao hao ndio waliopanda upya, na ilipostawi zaidi Pemba, hao hao ndio waliopelekwa Pemba. Kidichi mgeni huonyeshwa hamamu lililojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Kiajemi wa Sultani, na jina la bibi huyo hutajwa. Mwanamke aliyemtekea maji hatajwi kwa jina lolote.

Najua majibu ninayoweza kupewa. La kwanza ni kwamba utumwa wetu haukuwa kama wa Marekani, na ni kweli haukuwa sawa. Mtumwa wa shamba kwa desturi alikuwa na Alhamisi na Ijumaa za kulima kipande chake. Kumwacha mtumwa huru lilikuwa jambo lenye thawabu. Mtoto wa suria aliyezaa na bwana wake alizaliwa huru na kurithi. Tofauti hizo zinastahili kuelezwa vizuri, na mahali pa kuzieleza ni shambani hapo hapo, mbele ya mgeni ambaye la sivyo ataondoka na picha aliyoiona kwenye filamu za Kimarekani. Kunyamaza hakuisaidii hoja ya tofauti.

Jibu la pili ni zito zaidi. Visiwani mambo haya yana uchungu wa karibu, yametumiwa katika siasa kabla na baada ya mwaka 1964 ili kuwagawa watu, na watu wazima wana haki ya kuogopa kuyachokoza. Siwadharau wanaosema hivyo. Lakini habari za utumwa hazijanyamaza Zanzibar. Zinasimuliwa vijiweni na mitandaoni, kwa chuki au kwa kukanusha, na walio na nyaraka ndio walio kimya. Aliyesoma orodha yenye majina, kabila la mtu na jina la aliyemmiliki, Mwarabu, Mhindi au Mswahili, hupata shida kuigeuza historia hiyo kuwa mashitaka dhidi ya kabila moja.

Na orodha zipo. Mwaka 1860 na 1861 Rigby, balozi mdogo wa Uingereza, aliwaacha huru maelfu ya watumwa waliokuwa wakimilikiwa na Wahindi waliohesabiwa kuwa raia wa Uingereza, na majina yao yaliandikwa. Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyouondolea utumwa nguvu ya kisheria, aliyetaka uhuru wake alipaswa kufika mahakamani kuuomba, na bwana wake akalipwa fidia. Shughuli za namna hiyo huacha karatasi. Nyaraka za Taifa pale Kilimani si mbali na hoteli wanazolala watalii. Kinachotakiwa ni watafiti wachache, wanafunzi wetu wa vyuo wakiwamo, wakae na mafaili hayo kama Bi Hall alivyokaa na ya Louisiana, wayatoe majina hatua kwa hatua.

Ninaloomba ni dogo ukilinganisha na Whitney. Kizimbani serikali ina kituo chake cha utafiti wa kilimo, hivyo ardhi si ya kutafuta. Liwekwe bamba la kwanza hapo, lenye majina yatakayokuwa yamethibitishwa, hata yakiwa mia moja, pamoja na maelezo ya Kiswahili kwanza na lugha za wageni baadaye. Majina ya watu wa karafuu yasichanganywe na ya waliokuwa mjini ikiwa nyaraka zinatofautisha. Vijana wanaotembeza wageni wafundishwe sura hiyo ya historia katika mafunzo wanayopewa kabla ya kupata kibali, na sehemu ndogo ya kiingilio cha ziara za viungo itengwe kwa kazi ya utafiti. Hofu kwamba wageni watakimbia haina msingi, maana wanaolipa kuingia Mkunazini kila siku hawaendi kutafuta furaha.

Ningefurahi kusoma katika ukurasa huu jibu la Kamisheni ya Utalii na la wenye dhamana ya makumbusho na mambo ya kale, hasa kama lipo zuio la kisheria juu ya kuchapisha majina yaliyomo katika nyaraka hizo, ili tulijue na tulijadili.

Msomaji wenu,
Houston, Texas, Marekani